Lugha Ifike Hadi Kwenye Risiti

Mhadhara kwa umma kuhusu ujenzi wa duka la mtandaoni la lugha nyingi



Ukipita ufukwe wa Malindi au Watamu utawasikia wauza vinyago wakipatana bei na wageni kwa Kiitaliano. Wengi wao hawakukisomea darasani. Wamekiokota palepale mchangani, kwa sababu mteja anayekuja ni Mwitaliano. Ukiingia Darajani, Unguja, muuza viungo atakutajia bei kwa Kiswahili, amgeukie mgeni kwa Kiingereza, kisha aitikie salamu ya mwingine kwa Kiarabu. Watu wa mwambao wamefanya biashara hivi kwa karne nyingi, na hawahitaji kuambiwa kwamba mteja hutoa pesa kwa moyo mweupe pale anapoelewa anachoambiwa.

Sasa mtazameni mfanyabiashara huyohuyo anapohamia mtandaoni. Kwenye WhatsApp na Instagram anauza kwa Kiswahili: "Mzigo mpya umeingia, jumla na rejareja, mikoani tunatuma." Biashara inakua. Anaamua kufungua tovuti yenye kikapu na malipo, na hapo Kiswahili kinatoweka. Vitufe ni vya Kiingereza, maelezo ya bidhaa ni ya Kiingereza, hata barua pepe ya kuthibitisha oda ni ya Kiingereza. Mteja aliyezoea kuandika "Naomba nyekundu mbili, nipo Tabora" anakutana na fomu asiyoielewa. Anaifunga, anarudi WhatsApp kuuliza bei. Tovuti iliyogharimiwa fedha inabaki kuwa pambo.

Hoja yangu leo ni moja. Duka la lugha nyingi hujengwa tangu msingi, Kiswahili kikiwa ndani ya msingi huo, na lugha aliyoichagua mteja lazima imfuate kila hatua, kutoka rafuni hadi kwenye risiti. Lugha ikikatika katikati, mteja hupoteza imani mahali palepale anapotakiwa kulipa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: duka la kanga, vikoi na mikoba ya ukili lililoko Unguja. Duka ni la kufikirika, lakini matatizo yake yote ni ya kweli. Wateja wake wako Tanzania na Kenya. Wengine wako Maskati, katika familia zenye asili ya Unguja na Pemba, ambamo bibi anasoma Kiswahili na mjukuu anasoma Kiarabu. Wengine wako Goma na Bujumbura, wanaozungumza Kiswahili sokoni lakini walisoma shule kwa Kifaransa. Na wapo watalii waliokwisha kurudi kwao, wanaotaka kikoi cha pili kama kile walichonunua likizoni.

Mfumo unafanya kazi gani

Duka kama hili hujengwa juu ya mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayotenganisha mambo matatu. Maneno na picha hukaa kwenye hifadhidata. Sura ya tovuti huamuliwa na kiolezo. Kazi za ziada, kama kuhesabu kikapu au kupokea malipo, huongezwa kwa programu-jalizi. Kwa utengano huu mwenye duka anaweza kubadilisha bei bila kumwita fundi, na bidhaa moja inaweza kuelezwa kwa lugha nne bila kujenga tovuti nne.

Mingi ya mifumo mikubwa inayotumika kwa kazi hii ni ya chanzo huria. Drupal ilitolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji. WordPress ilitolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakiendeleza programu iliyoanzishwa na Michel Valdrighi. Joomla ilizaliwa mwaka 2005 kutokana na mfumo ulioitwa Mambo, na jina lake limetoholewa kutoka neno letu "jumla". WooCommerce, programu-jalizi inayoigeuza WordPress kuwa duka, ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni iliyokuwa na makao Cape Town. Kwa hiyo Afrika imo katika historia hii tangu zamani.

Nasisitiza chanzo huria kwa sababu ya lugha yenyewe. Katika mfumo wa kampuni binafsi, wakubwa wake wakiona Kiswahili hakina faida, hatuna la kufanya ila kusubiri. Katika mfumo huria, mtu yeyote mwenye ujuzi na nia anaweza kuziingiza sentensi za Kiswahili, kuzisahihisha na kuwagawia wengine. Ruhusa hiyo ni mali, na bado hatujaitumia ipasavyo.

Matabaka manne ya maneno

Watu wengi hudhani kutafsiri duka ni kutafsiri maelezo ya bidhaa. Ndiyo maana hujikuta na duka la nusu kwa nusu. Maneno ya duka yamo katika matabaka manne, na kila tabaka lina mlango wake.

La kwanza ni maneno ya mfumo wenyewe: "Weka kikapuni", "Endelea kulipa", "Nywila si sahihi". Haya hukaa katika mafaili ya tafsiri yanayofuata utaratibu wa gettext, ulioanzia kwenye kampuni ya Sun Microsystems na ambao mradi wa GNU ulitoa toleo lake huru mwaka 1995. Faili hilo ni orodha ndefu: juu sentensi ya asili, chini yake tafsiri. Palipo patupu, mteja ataona sentensi ya asili, yaani Kiingereza.

Tabaka la pili ni maudhui ya mwenye duka: majina ya bidhaa, maelezo, makala, ukurasa wa "Kuhusu sisi". La tatu ni mipangilio: majina ya menyu, makundi ya bidhaa, njia za usafirishaji, maneno ya barua pepe zinazotumwa zenyewe. Hapa ndipo wengi huteleza. Unakuta ukurasa mzima ni wa Kiswahili, lakini chini kabisa njia ya kusafirisha mzigo imeandikwa Kiingereza, kwa sababu fundi aliiandika siku ya kwanza na haikuonekana tena. La nne ni maneno yatokayo nje ya duka: ukurasa wa benki, ujumbe wa simu wa kuthibitisha muamala, taarifa za kampuni ya usafirishaji.

Drupal ililitambua hili waziwazi. Toleo lake la 8, lililotoka Novemba 2015, liliweka ndani ya kiini chake moduli nne za lugha: ya kusajili lugha, kisha tatu zinazolingana na matabaka matatu ya kwanza, yaani ya kutafsiri kiolesura, ya kutafsiri maudhui na ya kutafsiri mipangilio. Kabla ya hapo mjenzi alilazimika kukusanya moduli nyingi za pembeni na kuomba zisigombane. Hata kama hutatumia Drupal kamwe, chukua mgawanyo huo, pamoja na tabaka la nne, uwe orodha yako ya ukaguzi.

Bidhaa moja, kurasa nyingi

Swali la kwanza la kiufundi ambalo mwenye duka anapaswa kumuuliza fundi wake ni hili: je, tafsiri za bidhaa moja zinahifadhiwa kama bidhaa moja au kama bidhaa nyingi?

Mifumo hutofautiana. PrestaShop ya Ufaransa huhifadhi bidhaa mara moja, na maneno ya kila lugha hukaa katika jedwali la pembeni lililofungamanishwa na bidhaa hiyo. Drupal nayo huweka tafsiri zote ndani ya kitu kimoja, ukichagua mwenyewe ni sehemu zipi zitafsiriwe na zipi zibaki zilezile. Kwenye WordPress inategemea programu-jalizi. WPML na Polylang hutengeneza rekodi mpya kwa kila lugha na kuziunganisha. TranslatePress huiacha bidhaa ilivyo na kuhifadhi sentensi zilizotafsiriwa mahali pake.

Tofauti hii inagusa pesa. Tuseme imebaki jozi moja ya kanga. Bibi mmoja wa Tanga anaifungua kwenye ukurasa wa Kiswahili, mjukuu aliyeko Maskati anaifungua kwenye ukurasa wa Kiarabu. Kama kurasa hizo mbili ni rekodi mbili na hesabu ya stoo haijaunganishwa, wote wawili watalipa, na mmoja itabidi arudishiwe fedha zake kwa aibu. Kwa hiyo anayetumia WPML aweke na nyongeza yake ya WooCommerce, na anayetumia Polylang vivyo hivyo, ili idadi, bei na namba ya bidhaa visomwe mahali pamoja. Baada ya hapo fanya jaribio: nunua kwa Kiswahili, kisha fungua Kiarabu uone kama idadi imepungua. Usizindue duka kabla ya jaribio hilo.

Kanuni ni kwamba neno hubadilika kwa lugha, lakini namba ya bidhaa, picha, uzito na idadi iliyobaki hubaki vilevile. Ukiona fundi anaandika idadi mara nne kwa mkono, msimamishe.

Sarufi ndani ya kitufe

Sasa nifike mahali ambapo Kiswahili kinadai haki yake. Mifumo hii iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiri kwa Kiingereza, lugha isiyo na ngeli. Ndani yake mna sentensi zenye pengo, ambalo kompyuta hulijaza jina la bidhaa. Mteja akiongeza kitu kikapuni, mfumo hutwaa jina la kitu na kulibandikia maneno ya kusema kwamba kimeongezwa.

Mfasiri asiye makini ataandika: pengo, kisha "imeongezwa kikapuni". Kwa kanga ni sawa: "Kanga imeongezwa kikapuni." Kwa kikoi tunapata "Kikoi imeongezwa", kwa mkoba "Mkoba imeongezwa", kwa vitambaa "Vitambaa imeongezwa". Duka linaanza kuzungumza kama mgeni aliyewasili jana. Mteja hasemi kitu, ila anahisi kwamba wenye duka si watu wa lugha yake, au hawakujali.

Dawa yake ni rahisi. Sentensi itangulizwe na nomino inayobeba upatanisho: "Bidhaa imeongezwa kikapuni: Kikoi cha bluu." Neno "bidhaa" linatawala kitenzi, na jina lolote linaweza kufuata bila kuharibu kitu. Hivyohivyo kwa rangi. Mfumo huhifadhi rangi kama thamani moja inayotumiwa na bidhaa zote, lakini sisi tuna kanga nyeupe, kikoi cheupe na mkoba mweupe. Ukiandika "Rangi: nyeupe", kivumishi kinapatana na rangi wala si na bidhaa, na neno moja linatosha kwa duka zima. Andika "Saizi: ndogo", nalo litafaa kwa kila nguo.

Kiarabu kina mtihani wake. Viwango vya kimataifa vya programu hukipa maumbo sita ya kuhesabia: sifuri, moja, mbili, chache, nyingi na mengineyo. Kiswahili hupewa mawili tu, umoja na wingi. Mfumo uliosukwa vizuri unajua hesabu hizo, na mfasiri hupewa nafasi ya kila umbo. Mwelekeo nao hubadilika: Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo menyu, mishale na kikapu vyote hugeuka upande, huku namba ya simu na namba ya oda zikibaki kusomwa kutoka kushoto. Kabla ya kununua kiolezo chochote, kifungue kwa Kiarabu. Kama maandishi yanapandiana, kiache, hata kama kinapendeza kwa Kiingereza.

Na saa. Mfumo ukiandika kwamba mzigo utafika "9:00", bibi wa Tanga anajua ni saa tatu asubuhi. Lakini mfasiri akiandika "saa 9 asubuhi", tayari ameleta mkanganyiko, na akiandika "saa 9" peke yake, mteja atakaa nyumbani akisubiri alasiri ilhali dereva alishapita asubuhi. Andikeni vyote viwili: "saa 3 asubuhi, yaani 9:00". Ni herufi chache za ziada, na zinaokoa simu nyingi za malalamiko.

Lugha, nchi na fedha ni vitu vitatu

Kosa linaloonekana katika maduka mengi ni kuzifunga lugha, nchi na fedha katika kifundo kimoja, na juu yake kuchora bendera. Ukiweka bendera ya Tanzania kuwa alama ya Kiswahili, unamwambia Mkenya kwamba lugha hiyo si yake. Ukiweka bendera ya Ufaransa kwa ajili ya mteja wa Bujumbura, unamkosea pia. Orodha ya lugha iandikwe kwa majina ambayo kila lugha hujiita yenyewe: Kiswahili, English, Français, العربية. Msomaji atalitambua jina la lugha yake hata kama haelewi neno jingine lolote kwenye ukurasa.

Wala msimlazimishe mteja lugha kwa kukisia aliko. Bibi anayeishi Maskati ana haki ya kusoma Kiswahili na kulipa kwa riali. Mfaransa aliyeko Nairobi ana haki ya kusoma Kifaransa na kulipa kwa shilingi ya Kenya. Mpendekezeeni kwa adabu, kisha mwacheni achague, na chaguo lake likumbukwe mpaka mwisho wa safari.

Kuhusu fedha, tazameni desimali. Riali ya Oman hugawanyika katika baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi, kwa viwango vya kimataifa, hazina desimali kabisa. Shilingi ya Tanzania kwenye karatasi ina senti, lakini hakuna anayelipa kwa senti dukani, na bei ya "25,000.00" inamchosha msomaji bure. Fikiria mkoba wa riali 12.500. Kwa mtu wa Maskati hiyo ni riali kumi na mbili na nusu. Mtu wa Dar es Salaam akipitisha macho haraka anaweza kuisoma elfu kumi na mbili na mia tano. Mfaransa naye hutumia mkato mahali petu pa nukta. Bei isomeke kwa desturi ya mteja, na jina la fedha liandikwe waziwazi kando ya tarakimu.

Fomu ya anwani ni jambo jingine la kuangalia. Nyingi zimeigwa kutoka Ulaya na Marekani: zinalazimisha namba ya nyumba na postikodi. Tanzania inaendesha mfumo wa anwani za makazi na postikodi, na ni jambo jema, lakini wateja wengi bado hawazikumbuki zao kwa kichwa. Mteja wa Tabora anataka kusema mzigo upakiwe kwenye basi, naye ataufuata stendi. Mpe nafasi ya kusema hivyo. Uliza kwanza namba ya simu, kisha mkoa, wilaya, mtaa, na kisanduku cha maelezo: "Karibu na nini?" Postikodi iwe hiari. Mfumo unaruhusu haya yote, ila ni lazima mtu aamue kuyabadilisha.

Kutafutwa na kuonekana

Duka likishasimama, lazima lionekane. Kila lugha iwe na anwani yake ya kudumu, kwa mfano duka moja lenye tawi la "/sw/", la "/ar/" na la "/fr/". Msitumie anwani moja inayobadilisha maneno kwa kificho, kwa sababu mashine ya kutafutia haitajua kwamba ukurasa wa Kiswahili upo. Tangu mwaka 2011 Google inatambua alama iitwayo hreflang, inayoieleza mashine ya kutafutia kila ukurasa una ndugu gani wa lugha nyingine. Masharti yake ni mawili. Ukurasa ujitaje wenyewe pamoja na ndugu zake, na kila ndugu arudishe salamu: ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kiarabu na wa Kiarabu usiutaje wa Kiswahili, alama hiyo inaweza kupuuzwa. Tena, msimbo wa lugha yetu ni "sw". Nimeona tovuti zilizoandika "tz" mahali pa lugha. Huo ni msimbo wa nchi, na hapo haufanyi kazi.

Kuna pia utafutaji wa ndani ya duka. Mashine za utafutaji zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza hukata miisho ya maneno ili umoja na wingi vikutane. Sisi hubadilisha mwanzo wa neno. Mteja akiandika "mikoba" wakati bidhaa imeandikwa "mkoba", utafutaji wa kawaida wa herufi kwa herufi unamjibu kwamba hakuna kitu, na stoo imejaa. Mwingine ataandika "khanga", mwingine "kanga". Mwingine ataandika "kikoy" kama alivyoona kwenye nguo za watalii. Kwa hiyo kila bidhaa ipewe orodha ya maneno ya kutafutia: umoja, wingi, na tahajia zote ambazo watu huandika kweli. Ni kazi ya mchana mmoja kwa duka dogo. Msilazimishe tahajia sanifu kwa mtu anayetaka kununua. Sanifisheni maandishi yenu, na mpokeeni mteja na maandishi yake.

Malipo na risiti

Sasa nimefika penye jina la mhadhara huu.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo, na pamoja na huduma nyingine za fedha kwa simu zilizofuata, watu wetu wamezoea kulipa kwa namba ya simu na namba ya siri. Dukani mtandaoni hali ni hiyohiyo: mteja anaandika namba yake, simu yake inaleta ombi la kuweka namba ya siri, anakubali, na duka linasubiri jibu kutoka kwa mtoa huduma. Katika sekunde hizo za kusubiri ndipo roho ya mteja inapokuwa juu. Pesa imekatwa au haijakatwa? Kama skrini inamwambia kitu kwa lugha asiyoielewa, atabonyeza tena, na pengine atalipa mara mbili. Kwa hiyo sentensi muhimu kuliko zote dukani ni hii: "Tunasubiri uthibitisho wa malipo yako. Usilipe tena. Ukiona ukimya, tupigie namba hii." Iandikeni kwa lugha zote mlizonazo kabla ya kutafsiri hata ukurasa wa mwanzo.

Baada ya malipo kuna barua pepe na SMS. Hapa pana tatizo ambalo wamiliki wengi hawalijui, kwa sababu wao hawalioni. Mteja ananunua kwa Kiswahili. Kesho yake mfanyakazi anaingia ofisini, kompyuta yake imewekwa Kiingereza, anabadilisha hali ya oda kuwa "imetumwa". Mfumo usioandaliwa utatuma taarifa kwa lugha ya mfanyakazi. Mteja aliyeanza safari kwa Kiswahili anaimaliza kwa Kiingereza, na habari anayoikosa ndiyo aliyoihitaji: mzigo upo basi gani, aufuate lini.

Suluhisho ni kuhifadhi lugha ndani ya oda yenyewe, kama inavyohifadhiwa namba ya simu, na kila barua itokanayo na oda hiyo isome lugha kutoka humo. Programu-jalizi nzuri hufanya hivyo. Kazi ya mjenzi ni kuhakikisha: anunue kama mteja wa Kiswahili, aikamilishe oda akiwa mhudumu wa Kiingereza, kisha afungue barua iliyofika. Barua hiyo ndiyo cheti cha duka.

Sheria nayo haiwezi kuachwa nje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Duka linakusanya majina, simu na mahali watu wanapoishi. Ukimwomba mtu ridhaa kwa lugha asiyoielewa, sidhani kama umemwomba kitu. Masharti ya kurudisha bidhaa na sera ya faragha vitafsiriwe na mtu, visomwe na mtu, na viandikwe kwa sentensi fupi.

Nani atafsiri

Mashine za tafsiri zimekuwa bora, na sioni aibu kuzitumia kwa rasimu ya maelezo ya bidhaa mia mbili. Lakini mashine haijui kwamba katika duka lako umeamua kusema "oda" na si "agizo", wala haijui kwamba mkoba wa ukili husukwa kwa ukindu. Anzeni na faharasa ya maneno hamsini: kikapu, oda, malipo, usafirishaji, kurudisha, nywila. Chagueni neno moja kwa kila jambo na mlifuate kila mahali. Mteja hachoki kuona neno lilelile, ila huchoka kukisia kama maneno mawili yana maana moja. Kisha mtafuteni mfasiri na mumlipe. Tafsiri ni kazi ya ujenzi kama ilivyo kazi ya fundi wa programu, na bajeti yake iwekwe tangu siku ya kwanza.

Wala msianze na lugha nne. Kila lugha ni ahadi. Ukifungua ukurasa wa Kifaransa, kuna siku mteja wa Goma atapiga simu kwa Kifaransa kuuliza mzigo wake uko wapi. Nani atapokea? Anzeni na Kiswahili na lugha moja nyingine, ile ambayo wateja wenu wanaitumia kweli. Yakitimia matabaka yote manne, kutoka kitufe hadi risiti, ongezeni ya tatu. Lugha mbili kamili zinauza kuliko nne zenye mapengo.

Kabla ya kuzindua, mpeni duka mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu mradi wenu, mwenye simu ya kawaida na bando dogo. Mwambieni anunue kikoi. Kaeni kimya, mwangalieni. Kila mahali atakaposita, andikeni. Orodha hiyo ina thamani kuliko ushauri wangu wote wa leo.

Hitimisho

Ndugu zangu, Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lugha ya kazi huthibitishwa kazini: kwenye ankara, kwenye stakabadhi, kwenye ujumbe unaomwambia mama wa Tabora kwamba fedha zake zimefika salama. Kama Kiswahili kitabaki lugha ya salamu na matangazo huku Kiingereza kikishika mlango wa malipo, tutakuwa tumekubali wenyewe kwamba lugha yetu haiaminiki penye pesa.

Nawaomba wafanyabiashara: kesho nunueni kitu katika duka lenu wenyewe kwa Kiswahili, na someni kila neno mpaka barua ya mwisho. Nawaomba mafundi: msipokee kazi ya duka bila kuuliza lugha za wateja, na msiikabidhi bila kuikagua risiti. Nawaomba walimu: wapeni wanafunzi wa Kiswahili na wa kompyuta kazi ya pamoja, kwa kuwa kila upande una nusu ya ujuzi huu. Na ninyi wanafunzi, ukurasa wa tafsiri za WordPress uko wazi kwa yeyote. Mtu hujisajili bure, huchagua Kiswahili, na hupendekeza tafsiri ambazo wahariri huzipitia kabla ya kuzikubali. Jioni moja kwa wiki, sentensi ishirini kwa kila mtu. Darasa moja likishika zamu hiyo kwa mwaka mzima, kila atakayefungua duka kwa Kiswahili baada yenu atakuta kazi imeshaanzwa. Anzeni wiki hii.